Mwito wa Nyumba ya Kisima

Mbele ya Ngome asubuhi ile hapakuwa na pa kutia mguu. Maulidi yalikuwa bado miezi miwili, lakini watu wa Siyu na Kizingitini walishaanza kumiminika Lamu, Amu yetu, na vikapu vyao, huyu anataka halwa, yule anataka ubani, na punda nao, hawa punda wa Amu wasio na adabu, wanapita katikati ya watu utadhani mji ni wao. Hapo ndipo Jeilani alipopigwa kikumbo na punda aliyebeba mawe ya kujengea, na kofia alizokuwa amezikumbatia zikatawanyika chini.

Jeilani alikuwa mshona kofia, zile za vitobo ambazo fundi huinamia moja tu kwa majuma na majuma. Kijana mrefu, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na mamake, macho mazuri ila mekundu kidogo. Aliinama kuokota, na mkono mwingine ukamtangulia: mkono wa mwanamke, hina imeanza kufifia vidoleni, umechomoza kutoka kwenye buibui jeusi linalonukia udi.

"Hii umeishona wewe?"

"Mimi, Bi."

Mwanamke aliigeuza kofia ile juani. "Upande huu mzuri, mashallah. Na upande huu je? Mkono ulikuwa na homa?"

Jeilani alicheka, ingawa neno lilimchoma. "Jicho lako kali, Bi. Wateja wangu hawajaona."

"Wateja wako wanaume, wao huvaa tu." Akamrudishia kofia, akasita, akanusa. "Na iliki yote hiyo kinywani asubuhi hii? Umeamkia biriani?"

Jeilani akafunga mdomo haraka. Iliki ile aliitafuna kuua harufu ya tembo la mnazi, na miaka yote aliamini kwamba inaua. Mwanamke alilegeza ukaya usoni kidogo tu, likaonekana jicho moja na ncha ya tabasamu, kisha umati ukammeza.

Loo! Mtu akashinda siku nzima anajidunga sindano vidoleni. Jioni alijua yote aliyotaka kujua. Jina lake Umulkheir, mjane wa marehemu Obeid, anakaa mtaa wa Mkomani kwa mjomba wake, Bwana Husseini, katika nyumba inayopakana na nyumba ya kisima. Muuza nyuzi aliyempa habari hizo alipofika kwenye nyumba ya kisima alipunguza sauti, akatazama nyuma.

Nyumba ile ilikuwa gofu la mabwana wa zamani, nusu ya dari imeanguka, na ndani yake kisima kirefu kilichobomoka ukingo. Obeid alitumbukia humo mchana kweupe. Wengine walisema alikuwa amelewa, na kweli alikuwa mlevi. Wengine walisema aliitwa. Kwani nani Amu asiyejua? Mama humfundisha mwanawe kabla hajajua kufunga kikoi: saa sita, jua likiwa utosini na vichochoro vimekauka watu, mji si wetu. Ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, nyamaza, enda zako.

Hayo hayakumzuia Jeilani. Mapenzi yakishaingia, nani anauliza habari za kisima? Wakawa wanakutana kwenye duka la nyuzi, yeye ana haja ya hariri nyeupe kila siku, na Umulkheir naye ghafla ana vitambaa vingi vya kudarizi.

"Bwana Jeilani, kofia yangu umefikia wapi?"

"Yako? Wewe utavaa kofia, Bi Umulkheir?"

"Ya atakayenioa."

"Basi niletee kipimo cha kichwa chake."

"Chukua uzi hapo," alisema Umulkheir, "ujipime."

Jeilani nusura ameze sindano. Muuza nyuzi aligeukia ukutani akajifanya anahesabu vifungo.

Mamake, Bi Tima, akaenda kuposa. Bwana Husseini hakukataa, alikuwa mtu wa maneno machache. Ila Umulkheir alituma sharti moja kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ambayo Bi Tima aliisikia wazi: "Mume mmoja nimemzika kwa tembo. Wa pili sitamzika. Aache, tena aache kweli."

"Nimeacha!" Jeilani aliapa mbele ya mamake, mkono kifuani. Ulimi uliapa vizuri sana, lakini miguu haikusikia. Kesho yake asubuhi miguu ilimpeleka mashambani nyuma ya mji, kwa Barka mgema, akakaa chini ya minazi na kata ya tembo mkononi. Moja ya kuaga, alisema. Barka akacheka, maana anazijua za kuaga, huwa hazina mwisho.

Alirudi mjini saa zile zile zilizokatazwa. Vichochoro vya Mkomani vilikuwa vitupu, milango imefungwa, kuta za mawe zinatoa joto usoni. Hata paka hawakuonekana. Jeilani alitembea akigusa ukuta kwa bega, akiimba chini kwa chini, mpaka alipokata kona na kuiona shiraa.

Alisimama. Shiraa ni hema la kitambaa lenye miti, mabibi wa zamani wakitembea ndani yake wasionekane na mtu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona ila kusimuliwa na bibi yake, maana ilikwisha kabla hajazaliwa, buibui likachukua nafasi yake. Na sasa hii hapa, ya rangi ya samli, inakwenda mbele yake polepole, pindo linaburura mchanga. Hakuna mguu uliotokeza chini yake. Hakuna sauti. Ikifika kona inangoja, akisogea inaendelea.

Angelikuwa na akili zake angelirudi. Lakini tembo humfanya mtu aone kila mlango umefunguliwa kwa ajili yake. Alinyoosha mkono alishike pindo. Kilichofuata kilikuwa giza na baridi, na harufu ya maji ya zamani, na sauti ya mwanamke ikimwita kwa jina.

"Jeilani."

Tamu sana. Kisha tena, kali, karibu na shingo yake: "Jeilani!" Na kitu kikaidaka kanzu yake kwa nyuma, ikararuka.

Hakuitika. Hilo moja mamake alimfundisha na lilimkaa. Alichomoka mbio, na alipopata fahamu sawasawa alikuwa barazani kwao, miguu mitupu, moyo unataka kutoka.

"Makubadhi yako yako wapi?" Bi Tima aliuliza.

"Yameibwa msikitini."

"Tena?"

Kwa kuwa hakukumbuka yalikopotelea, msikiti ulikuwa jawabu jema, na mwenyewe aliliamini. Mara nyingine kadhaa alikuwa amerudi vile, pekupeku, na kila mara akawalaani wezi wa msikitini.

Sasa, mwanamume mwenye busara angelinyamaza. Jeilani alikwenda barazani jioni ile kwa wenzake akaisimulia, na ilivyo baraza, kila walipocheka aliongeza chumvi. Kuna jini jike nyumba ya kisima, linampenda, linamwita kwa jina. Sauti asali, pumzi za kaburi! Na kucha, jamani, kucha hivi, tazameni kanzu yangu! Watu wakashika mbavu. Maneno Amu hayalali njiani, kabla ya Ijumaa yalishaingia kila ukumbi.

Umulkheir alimngoja dukani. Hakuwa na kitambaa mkononi wala ncha ya tabasamu.

"Nasikia jini wako ana kucha."

"Ah, hata wewe zimekufikia?" Jeilani alicheka, lakini alicheka peke yake.

"Ana kucha na pumzi za kaburi. Na ukimwona, utamjua?"

"Mungu aniepushe naye!"

Umulkheir alimsogelea. Sauti ilikuwa imepungua. "Siku ile ulikuwa umekunywa?"

"Wallahi, hata tone."

Neno lile likatua kati yao. Muuza nyuzi safari hii hakujifanya kuhesabu kitu. Jeilani aliona jicho lile lililomchekea mbele ya Ngome likijaa maji, na akatamani alirudishe neno kooni, lakini limeshatoka.

"Obeid naye akiapa hivyo hivyo," alisema Umulkheir. "Na siku za mwisho akinambia kuna bibi ndani ya shiraa anamwonyesha ndia ya kupita. Tukimcheka." Alivuta ukaya. "Kuna mtu wa Kizingitini, tajiri mvuvi wa kamba mawe, ameleta posa. Mjomba atamjibu Maulidi yakisha. Sitamzuia."

"Umulkheir, mpenzi, ngoja..."

"Kofia usiishone tena."

Akaondoka. Jeilani alibaki pale damu imemgeuka maji. Yeye hakuwa amemtajia mtu shiraa. Barazani alisema jini, alisema sauti, alisema kucha, lakini shiraa aliiweka moyoni kwa sababu hata akiwa amelewa aliionea haya. Na Obeid aliiona. Obeid aliifuata, na Obeid yuko makaburini.

Siku ile hakwenda kwa Barka. Wala ya pili. Msifikiri ni jambo la kujikaza tu kidume, la. Mwili ulimdai. Mikono ilitetemeka hata kikombe cha chai kikamwagika kifuani, jasho lilimtoka kivulini, usingizi ukamkimbia. Aliona pindo la rangi ya samli likipita mlangoni, akifumbua macho ni pazia. Bi Tima alimkalia kitandani, akamsomea, akamnywesha uji wa pilipili manga kijiko kwa kijiko, na hakumsema hata neno moja. Hilo lilimuumiza kuliko matusi.

Barka alikuja na kibuyu. Hakuja kwa ubaya, maskini, alidhani rafiki yake anaumwa.

"Kidogo tu, Jeilani. Kukutuliza mkono."

Jeilani alikitazama kibuyu mate yakimjaa. "Barka, nikitoka kwako mchana, huwa napita wapi?"

"Nti nzima yajua. Unashika ndia ya nyumba ya kisima."

"Nani amekwambia?"

"Nakutazama ukikata kona. Unatembea mkono umenyoosha mbele, hivi, kama kipofu anayeongozwa." Barka alimwonyesha, kisha akaushusha mkono wake mwenyewe upesi, kama umemtisha. Akaondoka na kibuyu chake.

Taratibu mwili ukanyamaza. Kwanza ulirudi usingizi, usingizi wa kweli, wa kuamka mtu asijue ubavu aliolalia. Kisha ladha: alikula samaki wa kupaka akauliza mamake leo ametia nini, naye Bi Tima akajibu ni kile kile cha siku zote, akageuka kufuta macho. Alfajiri ikamkuta macho makavu na meupe. Akashika kofia ya Umulkheir, ile aliyoianza akakatazwa, akatazama upande mbovu, akaona haya. Akaufumua wote. Akaanza upya, na sindano ikaingia kila ilipotumwa. Alikaa akautazama mkono wake kwa furaha, ukiwa umetulia juu ya goti, mkono wa fundi. Kumbe mtu anaweza kuukosa mkono wake mwenyewe miaka asijue.

Maulidi yakasomwa, matari yakanyamaza, wageni wakaanza kufunga vikapu vyao. Siku ile Bwana Husseini alikuwa anamjibu mtu wa Kizingitini baada ya adhuhuri. Jeilani alivaa kanzu safi, akaitia kofia kifuani, akatoka kumwahi. Hakuwa na maneno ya kusema. Alitaka tu Umulkheir aishike kofia ile, aigeuze juani, apate walau kofia moja ya haki kutoka kwake.

Jua lilikuwa utosini. Kichochoro kile kile, kuta zile zile, kimya kile kile. Shiraa haikuwapo, aliitafuta kwa macho yake mawili akaona mchanga tu. Lakini mlango wa nyumba ya kisima ulikuwa wazi kidogo, na katika ule mwanya, ndani, juu ya sakafu, aliona kubadhi. Alilijua. Lilikuwa na gango la ngozi nyeusi alilolitia kwa mkono wake.

Moyo ulimwambia pita, enda zako. Akaingia.

Ndani mlikuwa na baridi, zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, tupu ukutani, na vumbi la chokaa limelala sakafuni jeupe kama unga. Makubadhi yalikuwa yametapakaa hapa na pale, yote yake, yale ya wezi wa msikitini. Na nyayo. Miguu mikubwa mitupu ilikuwa imetoka mlangoni, imevuka uwanja wa ndani, imekwenda moja kwa moja mpaka kwenye kisima. Si mara moja. Nyayo zilikanyagana, za zamani chini, mpya juu, na kila safari zilifika mbele kuliko ile iliyopita. Za mwisho kabisa, vidole vilikuwa vimening'inia nje ya ukingo. Akaweka mguu wake pembeni mwa mmoja akapima. Ulikuwa wake.

Jeilani alishikwa na kizunguzungu akiwa mzima wa akili. Miezi yote alidhani anakwenda nyumbani.

Hakukuwa na alama ya pindo popote. Lakini kulikuwa na nyayo nyingine, ndogo. Hizi hazikutoka mlango wa njiani. Zilitoka ukutani, kwenye kile kimlango cha wanawake ambacho nyumba zetu huwa nacho, cha kupitia kwa jirani bila kutoka nje. Na upande wa pili wa ukuta ule ilikuwa nyumba ya Bwana Husseini. Nyayo ndogo zilikuja mbio, zikafika nyuma ya zake. Hapo vumbi lilikuwa limevurugika, mtu amevuta na mtu amevutwa. Na pale, juu ya jiwe, kipande cha kanzu nyeupe.

Kucha, aliwaambia watu. Pumzi za kaburi.

"Ewe Mola wangu," alisema.

"Jeilani."

Sauti ya Umulkheir. Tamu, laini, vile vile alivyomwita dukani siku za raha. Ilitoka mbele yake. Ilitoka chini.

"Jeilani, karibu."

Miguu ikamwambia sogea. Ilikuwa sauti yake, haikupungua kitu, na ndani yake mlikuwa na msamaha wote aliokuja kuutafuta. Nywele zilimsimama. Angelikuwa na kata mbili tu kichwani, angelikwenda, na angelikwenda kwa furaha.

"Jeilani! Rudi!"

Hii ilitoka nyuma. Ilikuwa kali, imekatika pumzi, imejaa hofu, haina utamu wowote. Na Jeilani, kwa mara ya kwanza akiwa na masikio safi, akatambua kwamba sikuzote zilikuwa mbili. Tembo lilizikoroga zikawa moja. Moja ilimkaribisha kila siku, na nyingine ikamrudisha kila siku, na yeye akazitupa zote mbili kapu moja akaziita shetani.

Alizaliwa na kukuzwa asiitike. Alikigeuzia kisima mgongo, na mgongo ukamsisimka wote.

"Naam, Umulkheir," aliitika kwa sauti kuu. "Narudi."

Kisimani kitu kikagusa maji, polepole, mithili ya kitambaa kizito kinachozama. Kisha kimya.

Umulkheir alikuwa kwenye kimlango, hana buibui, leso tu ameitupia kichwani, kifua kinapanda na kushuka. Walitazamana. Yeye akamtazama macho kwanza, meupe, kisha mikono, haitetemeki. Halafu akaanza kulia kwa hasira.

"Nimekuita mpaka koo likaniuma! Kila nikisikia mlango ule mchana, nilikuja mbio. Hukuitika hata siku moja. Siku ile ukining'inia pale, nilikushika kanzu kwa meno na vidole. Nawe ukaenda kuwachekesha watu!"

"Mbona hukunambia?"

"Nikwambie nini? Mjane, peke yake na mlevi ndani ya gofu? Nani angesimama upande wangu?" Alimnyooshea mikono, hina imefifia. "Tazama. Ndizo kucha hizi."

Jeilani alitaka kupiga magoti, akaona magoti hayatoshi. "Niliapa uongo mbele yako. Nilikunywa siku ile, na siku nyingi. Leo sina iliki kinywani, nuse ukitaka. Barazani nitarudi nikawaambie jini lilikuwa mimi." Akatoa kofia kifuani. "Ulinikataza. Nimeshona."

Umulkheir alifuta macho kwa leso, akaipokea, akaipeleka kwenye mwanga ulioanguka kutoka darini. Akaigeuza. Akaigeuza tena, akitafuta, na Jeilani akangoja kwa roho mkononi.

"Homa imepona," alisema.

"Imepona, mpenzi."

"Ikirudi?"

"Ikirudi usinivute."

"Nyamaza, mpumbavu wewe!" Akampiga nayo begani, kisha akamvika mwenyewe, akairekebisha ikae sawa. Mkono wake ulitulia pale kichwani kidogo. "Pita ndia ya mbele, kama watu. Mjomba yuko ukumbini, yule mgeni wa Kizingitini bado hajafika. Kamwambie mwenyewe. Mimi nitasema ndiyo kabla hajamaliza kuniuliza."

"Umulkheir. Uliiona shiraa?"

Alitikisa kichwa. "Sikuiona hata siku moja. Nilikuona wewe tu, mkono umenyoosha. Lakini ya nyanya yangu imo sandukuni kwetu tangu afe, haijatolewa. Asubuhi nilifungua nitafute leso hii." Aliishusha sauti. "Pindo lilikuwa limerowa."

Waliozwa kabla ya mwezi kuisha, na mtu wa Kizingitini alikula pilau ya harusi bila kinyongo. Bwana Husseini alileta mafundi, wakafunika kisima kwa mawe na chokaa, na shiraa wakaizika mbali, mchangani. Kofia za Jeilani zikatafutwa mpaka Siyu, na Barka akapoteza mteja ila rafiki hakupoteza. Ni nyumba yenye vicheko ile, kila mpita njia atakwambia. Ila wenye kukaa nao huona kijitabia kimoja. Mchana, jua likiwa utosini, Umulkheir akiita kutoka chumba kingine, "Jeilani, karibu chakula," mumewe haitiki papo hapo. Hunyamaza, sindano hewani, mpaka aongezewe kwa ukali, "Jeilani! Inuka!" Hapo hutabasamu, hujua ni mkewe, naye huitika.